Orodha ya machapisho ya chuo chetu hapa Tanga: nimefungua linki moja moja, na haya ndiyo niliyoyakuta

Mkutubi_Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi wangu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni mkutubi katika chuo kikuu kidogo cha kimataifa hapa Tanga. Jina la chuo nitaliacha, kwa kuwa nakula mkate wangu pale na wenzangu siwaombei mabaya. Nikisema kidogo ni kidogo kweli: wahadhiri wote wakija kantini siku moja wanaenea meza tatu. Wanafunzi wametoka Comoro, Burundi, Kongo na Malawi, na wengine ni watoto wa Pangani na Muheza wanaorudi kwao kila Ijumaa.

Mwezi uliopita niliagizwa niandae orodha ya tafiti na machapisho ya wanataaluma wetu kwa miaka mitano. Orodha hiyo huwekwa kwenye tovuti, huingia kwenye ripoti ya mwaka, na wakaguzi wakija huiulizia mapema. Walionitangulia walikuwa wananakili wasifu wa kila mwalimu: jina, mwaka, kichwa cha makala, jarida. Siku mbili, kazi imekwisha. Mimi nilifundishwa kwamba mkutubi hasajili kitabu ambacho hajakishika mkononi, basi nikaanza kufungua linki moja moja.

Nyingi zilikuwa salama, na chache zilinitia fahari mpaka nikaenda kuwapa mkono waandishi wake ofisini kwao. Kisha nikafika kwenye makala ya mwani.

Mwandishi wake ni mhadhiri msaidizi, kijana mpole. Alikwenda Mkinga kwa miezi kadhaa akikaa na akinamama wanaolima mwani, akihesabu kamba zilizosalimika na zilizokufa kila mwezi. Kichwa cha makala kipo, jina la jarida lipo, mwaka upo. Nikabofya, ukurasa ukafunguka, nikakuta tangazo la kamari. Nikajaribu tena kwa simu, kamari. Nikatafuta kichwa cha makala kwa maneno yake yote, hakuna kitu popote. Jarida limetoweka na makala imetoweka nalo.

Nikamwita maktaba, nikamwonyesha. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akatoa flashi mfukoni. Nakala pekee iliyobaki duniani ilikuwa mle, imefungwa na ufunguo wa pikipiki. Akanieleza: alipata barua pepe iliyomwita profesa mtukufu, ikimwahidi majibu ndani ya saa 72. Alilipa kwa dola, fedha aliyokopa saccos. Makala haikurudishwa hata nukta moja kusahihishwa. Siku ile alifurahi, akadhani ameandika vizuri sana.

Sasa mkubwa wangu wa kazi anasema niiache kwenye orodha, kwa sababu "ilichapishwa" na bila hiyo idara ile itaonekana haina kitu. Mimi roho inakataa. Lakini linaloniuma zaidi ni neno la yule kijana alipokuwa anatoka. Alisema mwaka huu alipita Mkinga kwenye msiba, mama mmoja akamshika mkono akamuuliza: "Mwalimu, yale majibu yetu yako wapi?"

Nisaidieni mawazo. Makala hii niifanye nini? Na orodha hii hasa ni ya nani?

---

Pepa_Kwanza

Dada mkutubi, pole, na hongera kwa kufungua hizo linki. Mimi nafundisha Dar, na nakuhakikishia si chuo chenu tu.

Kwanza usimlaumu sana huyo kijana. Kupanda cheo kutoka mhadhiri msaidizi kwenda mbele kunadai pepa, na chuo kidogo hakina mtu mzima wa kumkalisha chini akamwambia jarida hili zuri, lile likimbie. Kwenye vyuo vikubwa anakuwepo profesa fulani ambaye amekwisha kuumwa na nyoka huyo zamani, anakuonya. Kwenye meza zenu tatu nani atamwonya?

Pili, utapeli huu umeshapimwa. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alitunga makala ya uongo yenye makosa ambayo mpitiaji yeyote wa kweli, yaani mtaalamu anayekagua makala kabla haijatoka, angeyaona, akaituma kwa majarida 304 ya wazi (yanayosomwa bure mtandaoni) yanayotoza waandishi ada. Majarida 157 yaliikubali. Matokeo aliyachapisha kwenye jarida la Science. Na alikuwapo mkutubi mwenzako, Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, aliyekuwa akiweka hadharani orodha ya wachapishaji wa kutiliwa shaka hadi alipoiondoa Januari 2017. Wako waliomwona mkali kupita kiasi, hasa kwa majarida ya nchi maskini, na kwa hilo nadhani walikuwa na hoja. Jarida kuwa dogo au tovuti yake kuwa mbovu si dalili ya wizi.

Mimi nawaambia vijana wangu waangalie mambo ya kawaida kabisa. Je, kuna makala ya zamani ya jarida hilo unayoweza kuisoma leo? Wahariri wana anwani za vyuo vyao? Limo kwenye DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida ya wazi iliyopo tangu 2003, au kwenye AJOL, mkusanyo wa majarida ya Afrika mtandaoni, kama ni la Afrika? Ukimwandikia mtu aliyetajwa kama mhariri, anajua kwamba yeye ni mhariri? Hilo la mwisho limeokoa watu wengi.

Na kuhusu ada: asilipe kabla hajaomba kusamehewa ada. Majarida mengi yaliyomo DOAJ hayatozi kitu. Kwa yanayotoza, kuna wachapishaji wakubwa wanaofuta ada kwa nchi za kipato cha chini na kupunguza kwa za kipato cha kati cha chini. Sisi tuliingia hilo kundi la pili Julai 2020, kwa hiyo kwa baadhi yao siku hizi unapunguziwa tu, hufutiwi. Hata hivyo omba. Kwa mambo ya bahari lipo jarida la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Bahari ya Hindi Magharibi, na WIOMSA wenyewe wako Unguja. Mtu wa Mkinga kwenda kutafuta jarida la mbali lisilojulikana wakati hilo liko ng'ambo ya maji tu, mimi linanisikitisha.

---

Mchumi_Ngamiani

Nitasema tofauti kidogo na naomba nisieleweke vibaya.

Ondoa hiyo makala, hapo sina ubishi. Lakini hilo swali la "orodha ni ya nani" lina jibu. Chuo cha kimataifa kinasomwa na dunia. Mwanafunzi wetu akiomba shahada ya uzamili Uingereza au Malaysia, anayesoma maombi yake anakwenda kwenye tovuti kuangalia walimu wake wamechapisha wapi. Akikuta majarida yaliyomo Scopus, ile hazina kubwa ya kimataifa ya makala za kitaaluma, anamheshimu mtoto. Akikuta ripoti ya kijijini kwa Kiswahili, hamwelewi. Wizara ya Elimu yenyewe imeanza kuwatuza fedha wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya nje, na haikufanya hivyo kwa bahati mbaya.

Akinamama wa Mkinga wanastahili majibu, ndiyo. Hiyo kazi ni ya bwana samaki na mabwana shamba. Mhadhiri ana vipindi vinne kwa siku, ana madaftari ya mitihani, ana familia. Ukimwongezea na kazi ya kwenda kusoma makala yake chini ya mwembe, hataandika tena. Tusiwachoshe watu wachache tulio nao.

---

Mkutubi_Chumbageni

Kaka Mchumi, nimekusoma na sikukasirika. Vipindi vinne ni kweli, nawaona wanavyotoka darasani na chaki mpaka kwenye nyusi.

Pepa_Kwanza, ushauri wako nimeuchapa na kuubandika mlangoni mwa maktaba. Kumbe kuna wawili wengine walikuwa mbioni kulipa. Mmoja amesitisha.

---

Mzee_wa_Kigombe

Mwanangu mkutubi, salaam. Mimi nimestaafu idara ya uvuvi, miaka mingi nimekaa baina ya Mwambani na Kigombe. Kijana wangu kanionyesha uzi huu kwenye simu yake, nikamwambia anisajili nami niseme langu.

Ninyi mnagombana kama chuo kidogo kinaweza kusomwa na dunia. Nitawapa kisa cha samaki, kwa kuwa samaki mwenyewe ni wetu.

Silikanti walianza kunaswa huku Tanga mwaka 2004, kwenye majarife ya papa yanayoshushwa kina kirefu. Wa kwanza niliyemwona mimi alikuwa amelazwa juu ya turubai. Buluu yake ilishaanza kufifia na kugeuka kahawia, ile michirizi na mabaka meupe bado unayaona. Nikamgusa: magamba magumu, ute mwingi, mafuta yanatoka. Mapezi yake hayakuota mwilini kama ya samaki wengine, yalikuwa na shina la nyama, kama vikono vya mtoto. Na mkia ule ukauangalia una kimkia kingine kidogo katikati. Wavuvi walikuwa wamesimama kando, hakuna aliyemtaka kwa kula. Mmoja akaniuliza: "Bwana samaki, huyu ni nani?" Na mimi niliyekuwa na cheti cha serikali sikuwa na jibu la kumpa.

Nikaja kutafuta, ndipo nikajua kisa chake. Samaki huyu wataalamu walidhani alikwisha kutoweka zamani za mijusi wakubwa. Tarehe 22 Desemba 1938 alinaswa na meli ya uvuvi karibu na East London, Afrika Kusini. Kulikuwa na binti mlezi wa makumbusho madogo ya mji ule, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa na desturi ya kwenda gatini kuangalia samaki wa ajabu. Akamwona, akamchora, akatuma mchoro kwa barua. Kwa nani? Kwa mwalimu wa kemia! J.L.B. Smith alikuwa akifundisha kemia katika chuo kidogo cha Rhodes pale Grahamstown, samaki alikuwa akiwasoma kwa mapenzi yake. Chuo kidogo, mwalimu wa somo jingine kabisa. Machi 1939 makala yake ikatoka kwenye jarida la sayansi la Nature, na dunia nzima ikatikisika. Akampa samaki jina la yule binti: Latimeria.

Basi, Mchumi, mwanangu, dunia ilikisoma chuo kidogo kwa sababu mtu mmoja alikwenda gatini na mwingine alijibu barua.

Lakini kisa hakijaisha, na hapa ndipo panaponichoma. Smith akataka samaki wa pili. Akachapisha vikaratasi vyenye picha na ahadi ya pauni 100, vikasambazwa pwani yote hii. Viliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Ikapita miaka 14. Samaki wa pili akaja kupatikana Comoro mwaka 1952, na wavuvi wa kule kumbe walikuwa wakimfahamu siku zote, wana jina lake kabisa. Miaka 14 jibu lilikuwa kwenye midomo ya watu, na karatasi ya kuwauliza haikuwa na hata neno moja la lugha yao.

Hawa wetu wa Tanga nao wameandikwa. Mwaka 2011 ilitoka makala kwenye jarida kubwa la Marekani, Wajapani wakiwa pamoja na watafiti wetu wa Kitanzania, ikionyesha kwa vinasaba kwamba silikanti wa kaskazini hii ni jamii yao peke yao, mbali na wa kusini na wa Comoro. Hifadhi ya bahari ya silikanti ilitangazwa 2009. Mimi habari ya vinasaba nilikuja kuelezwa miaka baadaye na mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, tukiwa tumekaa kwenye ngalawa iliyogeuzwa. Nikamwambia rudia polepole. Siku ile nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza wavuvi ninaowafahamu. Nilipata jibu la lile swali la kwenye turubai nikiwa nimekwisha kustaafu.

---

Mngazija_Mwaka_wa_Pili

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi kutoka Comoro na ninasoma hapa Tanga. Jina hilo ni gombessa. Babu yangu alikuwa akisema ni samaki wa kutupwa, nyama yake inaharisha. Sikujua kwamba habari yake ina uhusiano na mji huu ninaosoma. Nitamweleza mama leo usiku.

---

Fildi_Bagamoyo

Naunga mkono hoja ya mzee, na nitaongeza ya kwetu Bagamoyo.

Mimi nilikuwa kijana wa kuingia majumbani kwenye majaribio ya chanjo ya malaria, nikibeba kadi na kipimajoto. Jaribio kubwa la chanjo iitwayo RTS,S lilianza 2009, watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Vituo viwili vilikuwa Tanzania: kimoja cha kwetu Bagamoyo na kingine cha kwenu, Korogwe. Matokeo ya mwanzo yalitoka 2011 kwenye jarida la tiba la New England, ya mwisho 2015 kwenye Lancet, jarida jingine kubwa la tiba. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo itumike. Halafu Bagamoyo tukawemo tena kwenye jaribio la chanjo nyingine ya malaria, R21, nayo ikapendekezwa Oktoba 2023.

Hizo ndizo makala ambazo Mchumi angependa zionekane kwenye orodha ya chuo chochote, sivyo? Sasa mjue zilivyopatikana. Huwezi kurudi kwenye nyumba ya mtu miaka minne mfululizo kumtoboa mtoto wake kidole kama hujui kukaa naye. Kila hatua kuna kikao. Unamweleza mama kwa Kiswahili cha nyumbani, anauliza, unajibu, na usipojua unasema sijui, narudi kuuliza. Kuna bibi mmoja Kiwangwa alikuwa akinipokea na swali moja kila mara: "Mmeona nini mpaka sasa?" Nikimpa jibu la juujuu ananirudisha mlangoni. Siku tuliyoleta matokeo alikaa mstari wa mbele amevaa kanga mpya.

Mkiwaacha bila majibu, mara ya pili hawafungui mlango. Na mlango usipofunguliwa, Lancet hupati.

---

Mchumi_Ngamiani

Mzee shikamoo. Fildi, hoja yako imeniingia, hasa hilo la mlango. Sikuwa nimeliona hivyo.

Hata hivyo bado nauliza: nani atalipia nauli ya Mkinga? Bajeti yetu ya utafiti naijua, mimi nimo kwenye kamati.

---

Binti_Amani

Nimezaliwa kule juu Amani, Usambara Mashariki. Baba alifanya kazi kwenye maktaba ya kituo.

Watu wanasahau kwamba mkoa huu ulikuwa na taasisi ya utafiti yenye kujulikana duniani kabla mji wa Tanga haujapata gari la pili. Wajerumani waliianzisha Amani mwaka 1902. Wakati huo mkonge ulikuwa bado mgeni, Mjerumani mmoja, Hindorf, aliuleta 1893 na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kuanzia 1905 Amani ilikuwa na jarida lake, Der Pflanzer, na lilifika kwa wasomaji wake kwa wakati, likiwaambia wapande nini na wadudu gani wameingia. Tatizo ni kwamba wasomaji wake walikuwa walowezi. Wasambaa na Wabondei ambao ardhi ni yao, na miti ile walikuwa wakiijua kwa majina kabla ya Kilatini, hawakuandikiwa. Si kwamba Kiswahili cha kuchapishwa hakikuwapo, maana gazeti la Kiongozi lilikuwa likitoka hapa hapa Tanga, shule ya serikali, miaka ile ile.

Baba alikuwa akipangusa yale majalada kwa kitambaa kikavu, moja moja, unyevu wa kule usiyale. Hakuwa anasoma Kijerumani. Alisema, kuna siku mtu atataka kujua.

Kwa hiyo dada mkutubi, hiyo flashi usiiache irudi kwenye ufunguo wa pikipiki. Hilo kwanza, mengine baadaye.

---

Pepa_Kwanza

Binti Amani amesema kweli. Dada, inakili leo hii, sehemu tatu.

Na kwa swali lako la mwanzo: makala iliyopita kwenye jarida bandia haijafa. Kama jarida lilikuwa la kweli, kuituma kwingine ingekuwa kosa, kuchapisha kitu kimoja mara mbili. Lakini pale haikupitiwa na mtu yeyote, na sasa haipo. Amwandikie mhariri wa jarida halali, amweleze yote wazi, tangu ile barua pepe mpaka kamari. Wahariri ninaowafahamu wanaheshimu mtu aliyesema mwenyewe. Asifiche, kwa sababu kichwa kile kinaweza kuibuka siku moja kwenye orodha ya zamani ya tovuti yenu.

---

Mkutubi_Chumbageni

Wakuu, ni wiki tatu sasa. Nimerudi kuwaeleza yaliyotokea, maana mmenishika mkono.

Flashi nimeinakili siku ile ile. Makala ya mwani nimeiondoa kwenye orodha. Nilimwandikia mkubwa wangu barua fupi nikamwambia jina langu litakuwa chini ya orodha ile, na siwezi kusaini kitu ambacho wakaguzi wakibofya watakutana na kamari. Alikaa nayo siku mbili akaniita akasema sawa. Idara ile imebaki na mstari mmoja mfupi. Iwe hivyo.

Kisha nimeomba jambo moja, nalo limekubaliwa kwa majaribio: kila makala inayoingia kwenye orodha yetu iwe na ikisiri, yaani muhtasari, ya Kiswahili, nusu ukurasa, isiyo na jedwali, na nakala yake ikae maktaba na ipelekwe kule utafiti ulikofanyika. Kaka Mchumi, wewe uliuliza nauli. Nimeambiwa ni wewe uliyesimama kwenye kamati ukasema itoke kwenye fungu la usafiri wa makongamano. Sikujua ni wewe mpaka niliposikia maneno ya "mlango usipofunguliwa" yakisomwa kikaoni. Ahsante sana, kaka yangu.

Tukaanza na ya mwani. Yule kijana aliandika ikisiri, nikamsahihisha, akaandika tena. Kiswahili cha kitaaluma kinamtoka kwa shida kwa sababu tangu kidato cha kwanza kila alichoandika kwa uzito ameandika kwa Kiingereza. Mara ya tatu ikasomeka vizuri. Jumamosi tukapanda Noah ya Horohoro kwa barabara kuu, tukashuka njiani, tukachukua bodaboda hadi kijijini.

Akinamama walikuja kama ishirini, wengine wametoka shambani moja kwa moja, kanga zimelowa mpaka magotini. Yule aliyeuliza majibu yako wapi alikaa karibu kabisa na miguu ya mwalimu. Akasoma. Alipofika kwenye sentensi inayosema mwani hufa zaidi Januari hadi Machi kwa sababu ya joto la maji, yule mama akanyanyua mkono.

Akasema: mwalimu, hiyo siyo. Akauliza wenzake, "Mwezi mzima unakufa?" Wote wakaitikia hapana. Wakaanza kumfundisha, huyu anaanza sentensi, yule anaimalizia. Kwamba kaskazi ni kweli ndiyo wakati wa hasara. Lakini maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana, mwani unakaa salama, una maji juu yake mchana kutwa. Hasara inakuja bamvua, siku ambazo bahari inajaa na kukupwa sana. Bamvua maji yanakupwa saa nne, saa tano ya asubuhi, jua limeshapanda, na upepo ukilala siku hiyo yale maji kidogo yanayobaki kwenye madimbwi yanachemka. Ukienda jioni unakuta tawi limepauka limekuwa jeupe, ukilishika linakatika mkononi. Mmoja akakimbia nyumbani akarudi na kamba yenye tawi la namna hiyo, akaliweka juu ya karatasi ya ikisiri. Likaacha doa la chumvi ambalo mpaka sasa liko kwenye nakala ya maktaba.

Mwalimu akafungua daftari lake la zamani. Alikuwa amehesabu kamba mara moja kwa mwezi, tarehe yoyote aliyopata usafiri. Siku nyingine iliangukia bamvua, siku nyingine maji mafu, na kwenye jedwali lake zote zimechanganywa zikagawanywa kwa mwezi. Alinionyesha kwa kidole ile miezi iliyomsumbua, ambayo namba zake zilipanda na kushuka bila sababu, akasema "kumbe." Hakuna mpitiaji wa saa 72 ambaye angeliona hilo, na sina hakika kama hata wa jarida la kweli angeliona.

Sentensi tumeifuta pale pale kwa kalamu. Sasa inasema mwani hufa zaidi katika siku za bamvua za kaskazi, upepo ukilala. Lakini amekataa kuituma popote kwa sasa. Anataka kuhesabu upya, safari hii kwa bamvua na maji mafu, na akinamama wawili wamekubali kumwandikia hesabu siku ambazo yeye ana vipindi. Ameuliza kama majina yao yanaweza kuwekwa kwenye makala pamoja na lake. Pepa_Kwanza, hilo nakuachia wewe utujibu.

Mzee wa Kigombe, nina ombi kwako pia. Hesabu inaanza bamvua lijalo, mwezi kumi na nne, na kijana hajui kusoma maji. Kama afya inaruhusu, gari litapita Kigombe Ijumaa jioni kukuchukua, ulale kwetu, alfajiri tuondoke wote.

---

Mzee_wa_Kigombe

Gari lipite saa kumi. Nitakuwa barabarani.